Kamba ya Mama Koki: Mtaala ulioamriwa kuanuliwa

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Koki amepanda juu ya ndoo iliyofudikizwa na anaanua mtaala.

Anauanua kama mtu anavyoanua nguo mvua inapoanza kudondoka: kibanio, kadi, kibanio, kadi. Vibanio anavitia kwenye mfuko wa aproni, kadi anazipanga juu ya sinki la kufundishia. Kamba yenyewe, ya nailoni ya kijani, imefungwa upande mmoja kwenye nondo za dirisha, kando ya mlango, na upande wa pili kwenye msumari ulio juu ya ubao. Tangu ifungwe haijawahi kukaa tupu.

"Wamesema ikifika saa nne iwe imeshuka," anasema bila kugeuka. "Mimi ni mtu wa kutii. Nashusha. Lakini nashusha polepole, kila mwenye macho aone inavyoshuka."

Wanafunzi wamejazana mlangoni mwa karakana na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuingia. Mmoja anasogea kumshikia ndoo isiyumbe. Mama Koki anamfukuza kwa mkono. "Niache, nimepanda madari ya watu kabla hujazaliwa."

Mama Koki anafundisha ufundi bomba katika chuo kimoja cha ufundi. Jina lake la kwenye kitambulisho huenda analijua mhasibu peke yake. Wengine wote, kuanzia mpishi wa kantini hadi mkuu wa chuo, wanamwita hivyo. Kabla ya kushika chaki alikuwa fundi wa mtaani kwa zaidi ya miaka ishirini, mwanamke pekee katika kundi la wanaume ambao kila kazi ya kuingia chini ya sinki walimsukumia yeye kwa kuwa alikuwa mwembamba. Wembamba umekwisha kwenda zake, na kwa kawaida yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kulicheka hilo. Leo hacheki.

Anachokishusha ni kozi nzima. Kila kadi, iliyokatwa kutoka kwenye boksi la hita ya maji, ina kazi moja ya fundi: kubadilisha mpira wa koki, kurekebisha boya la tangi la choo, kuunga bomba la plastiki, kuunga la chuma, kupima msukumo wa maji, kufunga hita, kuzibua bomba la maji machafu, kumkadiria mteja gharama bila kumwibia na bila kujiibia. Kila mwanafunzi ana kibanio chenye alama yake, na kibanio hicho ndicho kinachotembea. Akiifanya kazi ikakubalika, anakihamishia kwenye kadi nyingine anayoitaka. Ukiingia asubuhi unainua macho tu, unajua nani yuko wapi.

Mtu akikosa wiki nzima kwa sababu kapata kibarua, au mtoto kaugua, kibanio chake kinamsubiri palepale. Akirudi hafukuzani na mtu. Anachukua spana, anaendelea pale alipoachia.

Hilo ndilo kosa lililoifanya ofisi iamuru kamba ishushwe.

Ili kuelewa uchungu wa mwanamke huyu inabidi kujua alichokikuta. Alipoajiriwa alikabidhiwa mtaala wenye jalada gumu, mzito kama tofali. Muhula wa kwanza wote ulikuwa wa kunakili ubaoni: historia ya maji ya bomba, maana ya istilahi, aina za viungo kwa picha. Bomba lenyewe mwanafunzi alilishika muhula wa pili. Mama Koki aliufuata neno kwa neno, maana ndiyo kazi aliyopewa. Darasa lake la kwanza lilianza na watu thelathini na wawili. Waliofika kwenye mtihani walikuwa kumi na mmoja.

Chuo hakikushtuka. Ofisini waliita hali hiyo mchujo wa kawaida. Mtu anajinyima, analipa ada, anaondoka bila kujua hata kubadilisha mpira wa koki, na wenye viti vya kuzunguka wanasema ni mchujo, kana kwamba watu ni chai.

"Mmoja wao nilikutana naye sokoni anasukuma mkokoteni," anasimulia Mama Koki. "Nikamwambia, wewe kijana, mbona ulitukimbia? Akaniambia, mwalimu, sikukimbia. Mama alilazwa, nikakosa wiki mbili. Niliporudi nikakuta mmeshafika mbali, nikawa nakaa pale natikisa kichwa tu kama ninayeelewa. Nikaona aibu, nikaacha."

Siku hiyo, anasema, alirudi nyumbani na swali moja. "Nikajiuliza, hivi koki ya mtu ikivuja, inasubiri fundi afike ukurasa wa ngapi?"

Wazo la kamba alilipata uani kwake. Binti yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na anaishi naye pamoja na mwanawe mdogo, alikuwa akisogeza shati la mtoto kutoka kivulini kulipeleka juani. Alibandua kibanio, akabana mbele kidogo, basi. "Shati halikulalamika kwamba limerukwa zamu," anasema Mama Koki, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mdomo wake unalegea.

Kozi yake haianzi na ubao. Siku ya kwanza anawaambia wanafunzi neno moja, "Leteni ugonjwa," na kesho yake kila mmoja anakuja na kifaa kilichoharibika kutoka nyumbani au kazini kwake. Huletwa maboya yaliyotoboka, koki zilizoota kutu, elbo, vile viungo vya kona, zilizofungwa kwa mipira ya baiskeli. Vyote vinamwagwa sakafuni na darasa linavichambua. Kadi ya kile kinachowasumbua wengi ndiyo inayobanwa karibu na mlango, ianze. Kwa hiyo kila darasa lina mpangilio wake, kwa sababu kila darasa linatoka kwenye nyumba zake.

Mwaka huu mwanafunzi mmoja alifungua koki ya uani katika nyumba aliyopanga, akaitia mfukoni, akaondoka akiwa na furaha kwamba amepata ugonjwa mzuri. Alisahau kufunga maji kule yanakotokea. Haukupita muda wapangaji wakawasili chuoni wamelowa chapachapa, wakiongozwa na mwenye nyumba aliyekuwa ameshika kiatu kimoja mkononi. Somo la siku hiyo lilijipanga lenyewe. Darasa zima lilihamia kwenye nyumba ile, likajifunza kufunga maji kabla ya kugusa kitu, na hakuna aliyelisahau.

Wapo wanaodhani kozi ya namna hii ni holela. Mama Koki ameshaulizwa hivyo mara nyingi hadi swali lenyewe linamkera. Anaonyesha kadi tatu ambazo, tofauti na nyingine, zimeunganishwa kwa waya wa chuma: kupima msukumo, kufunga valvu ya usalama, kufunga hita. Hizo haziachani wala hazirukwi.

Waya huo ulikuja baada ya kosa lake mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa kamba aliacha kadi zote zicheze. Mwanafunzi mmoja mwenye haraka akarukia hita kabla ya kujua msukumo, akaenda kuifunga kwa muuguzi mmoja jirani yake. Hita ilihimili siku chache, kisha dari la watu likashuka sebuleni, makochi na televisheni chini yake. Mama Koki alikwenda na ngazi yake, akarudishia dari kwa mikono yake na kwa mshahara ambao hata bila dari huwa unaisha kabla mwezi haujafika katikati.

"Nilimwomba radhi muuguzi, nikamwomba radhi na yule kijana, maana mimi ndiye niliyemruhusu," anasema. "Nikarudi nikafunga waya. Kinachotakiwa kufuatana kinafuatana. Kisichotakiwa, kwa nini nimfungie mtu mlango?"

Mwaka uliofuata, karibu wote walioanza walifika kwenye mtihani. Mtu angetegemea ofisi ije iulize alifanyaje. Ilikuja, tena na wageni na mpiga picha. Wageni walitembea chini ya kamba wakiinamisha vichwa, wakasema maneno mazuri, wakanywa soda, wakaondoka. Baada ya muda Mama Koki alikuwa akiingia kazini asubuhi akajiona juu ya geti, mikono yake ikiwa kwenye kadi, mkubwa kuliko basi. Chini yake pameandikwa kwa herufi nyekundu: KOZI INAYOKUFUATA ULIPO.

"Hakuna aliyeniomba ruhusa," anasema. "Nilisimama pale nikajitazama, nikasema haya, angalau wameelewa. Kumbe nilikuwa napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa."

Maana bango lile lilikuwa halijafifia rangi ulipokuja utaratibu mpya wa mahudhurio. Rejesta za vipindi sasa zinaingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta haijui kamba. Inajua nani alikuwa darasani na nani hakuwa. Asiyefikisha asilimia themanini ya vipindi hafanyi mtihani wa mwisho, hata awe amemaliza kazi zote mara mbili. Asiyefanya mtihani hana cheti, na asiye na cheti ataendelea kuitwa na majirani kuzibua masinki kwa asante.

Kompyuta ilipomaliza hesabu yake iliwatoa wanafunzi saba wa Mama Koki. Wote saba vibanio vyao vilikuwa vimevuka kadi zote. Yumo mama wa pacha ambaye hawezi kutoka nyumbani siku ambayo dada yake yuko kazini. Yumo mfagia soko. Na yumo mwanamume mmoja wa makamo anayeitwa na wote Mlinzi, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Mlinzi analinda wapi? Analinda geti la chuo hichohicho.

Msomaji asome tena kama hajaamini, maana hata mwandishi wa makala haya aliuliza mara mbili. Ratiba ya zamu hupangwa na chuo. Wiki ya zamu ya usiku, Mlinzi hukabidhi geti asubuhi, hunawa uso kwenye bomba la karakana na kuingia darasani. Wiki ya zamu ya mchana hukaa getini tangu jua linapochomoza hadi linapozama, chini ya bango linalotangaza kozi inayomfuata mtu alipo. Kutoka kwenye kiti chake anauona mlango wa karakana. Kutoka getini hadi pale ni kama kutoka golini hadi katikati ya uwanja. Saa ya chakula, wenzake wakila, alikuwa akivuka kwenda kufanya kadi moja na sare yake ya kazi, kisha anarudi mbio akiwa na gundi ya mabomba vidoleni.

Na kila asubuhi ya wiki hizo alimfungulia geti mkuu wa taaluma, bwana nadhifu ambaye wanafunzi wamempachika jina la Bwana Utaratibu. Bwana Utaratibu alishusha kioo cha gari, akamsalimu, akapita, akaenda ofisini kwake ambako kompyuta ilikuwa imeandika kwamba mtu huyo leo hayupo chuoni.

Mama Koki alipopata majina ya saba waliokatwa alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Utaratibu. Hakukuta jeuri. Alikuta kiti, akakuta maji ya kunywa, na akakuta ushauri.

"Akaniambia, mama, mbona tunajipa presha? Rejesta unaishika wewe. Wajazie tu vipindi vilivyopungua, mimi sitauliza kitu." Mama Koki anaacha kuanua, kadi ya maji machafu ikiwa mkononi. "Yaani mtu anayelinda utaratibu ndiye ananituma nikaandike uongo. Kwa sauti ya upole kabisa, kama anayenikaribisha chai."

Alikataa. Si kwamba hajawahi kudanganya maishani, anasema; alishawaambia wateja wengi kwamba yuko njiani ilhali bado anavaa viatu. "Lakini hili nikilijaza, nitakuwa nimekubali kwamba Mlinzi kukaa getini lilikuwa kosa la kufichwa. Mwakani kompyuta itaonyesha watu wote walikuwa wakihudhuria vizuri, watasema mnaona, hakuna anayehitaji kamba. Nitakuwa nimeizika kwa mkono wangu."

Mwandishi alimtafuta Bwana Utaratibu, naye hakukwepa. Alizungumza akiwa amekunja mikono juu ya meza isiyo na hata chembe ya vumbi. "Mimi sina ugomvi na Mama Koki, ni hazina ya chuo," alisema. "Ila kamba haiingii kwenye mfumo. Mfumo unataka tarehe na alama ya vema. Mtaala hauanikwi, mtaala unafuatwa." Alipoulizwa kuhusu bango alijibu kwamba bango ni la watu wa matangazo, na kwamba yeye hupita pale kila siku ila hajawahi kulisoma vizuri.

Hajawahi kulisoma. Mtu anayepita chini ya maneno yenye urefu wa mtoto, asubuhi na jioni.

Lakini simulizi hii ingekuwa nyepesi kama aliyembana Mama Koki angekuwa Bwana Utaratibu peke yake. Nyumbani kwake hali haikuwa tofauti. Alimweleza binti yake walipokuwa wakichambua mchele, akitarajia kuungwa mkono. Binti alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama, jaza," alisema. "Saba wale wanapona kwa kalamu tu. Wewe unataka washinde, au unataka kushinda wewe?"

"Lilinichoma," anakiri Mama Koki, "maana sikuwa na uhakika."

Kesho yake alikutana na Mlinzi nyuma ya karakana, kwenye tangi la maji. Mlinzi alikuwa amesikia kila kitu, kama walinzi wanavyosikia. Alivua kofia kabla ya kuzungumza.

"Mwalimu, nakuheshimu kama mama yangu mzazi. Lakini kamba yako unaitetea kwa cheti changu."

"Nikikuandika ulikuwepo, mwakani watamkata mlinzi mwingine."

"Mwakani si mimi."

Mtu huyu ana wasichana watatu wanaosoma, na alishaahidiwa kazi na mkandarasi mmoja wa nyumba kwa sharti la cheti. Alikuwa amejinyima usingizi mwaka mzima kwa ajili ya karatasi hiyo. Na mwalimu aliyemwambia njoo kwa wakati wako sasa ndiye aliyeshika kalamu na kugoma.

"Nikamwambia, basi mwanangu, uamuzi nakuachia wewe. Ukisema nijaze, najaza leo hii, na aibu yangu nitakwenda nayo nyumbani. Alivaa kofia yake, akarudi getini."

Hadi asubuhi hii ya kuanua, Mlinzi hajampa jibu.

Saa nne kasorobo, kamba imebaki na kadi mbili tu. Bwana Utaratibu anaingia karakanani na bahasha mkononi. Anaitazama kamba, anatikisa kichwa kuridhika, kisha anawaita wale saba wasogee. Uongozi umepata ufumbuzi, anasema. Wiki ya mtihani hakuna anayetaka kelele. Kila mmoja atasaini karatasi fupi, na jina lake litarudishwa.

Karatasi ni fupi kweli. Mwenye kusaini anakiri kwamba hakuwepo chuoni katika vipindi husika bila sababu ya msingi, anaomba radhi, na anaahidi kutorudia. Mama wa pacha anapokea kalamu. Macho yake yako kwa mwalimu, kama anayeomba ruhusa. Mama Koki anageukia dirishani.

"Saini mama, usiniangalie mimi," anamwambia. "Una watoto wawili wa kulisha."

Mlinzi ndiye anayefika mwisho, kwa kuwa ilibidi kwanza amwombe mwenzake amshikie geti. Yuko kwenye sare, rungu likiwa mkandani. Anapewa karatasi, anaisoma taratibu, midomo ikicheza. Anairudia tena. Kisha anaiweka juu ya sinki, kando ya kadi.

"Mkuu, hii siwezi," anasema.

"Huwezi nini? Ni kusaini tu."

"Imeandikwa sikuwepo chuoni." Sauti yake ni ileile ya kuuliza mgeni anakwenda ofisi gani. "Siku zote hizo, geti nani alikufungulia?"

Bwana Utaratibu anatazama bahasha yake. Mlinzi anamgeukia Mama Koki.

"Na wewe mwalimu, usijaze. Nimefikiri, nimeona nitakuwa naandikwa nilikuwa ndani wakati nilikuwa nje, na nje kwenyewe nilikuwa nawafanyia kazi wao. Mimi sikutoroka. Waandike nilikokuwa."

Mama wa pacha anaweka kalamu juu ya sinki, bado hajasaini. Baada yake mfagia soko anarudisha karatasi yake, kisha wengine. Hakuna aliyepiga makofi wala kusema neno la ujasiri. Wanaonekana zaidi kama watu wanaoogopa walichokifanya. Bwana Utaratibu anazikusanya karatasi zake, anasema atashauriana na wenzake, anatoka. Pale mlangoni anajigonga kichwa kwenye ile kamba ya kijani.

Mchana majina yanabandikwa upya. Wote saba wamo. Chini kabisa imeongezwa mistari miwili: wanafunzi waliotajwa wameruhusiwa kwa huruma ya uongozi, kwa safari hii tu, na walimu wote wanakumbushwa kufuata mtaala kwa mpangilio wake.

Wanafunzi wanakumbatiana. Mama wa pacha analia kwa sauti mbele ya ubao wa matangazo. Katika uwanja mzima aliyenuna ni mmoja tu, na anayo haki ya kununa.

"Huruma wampelekee mgonjwa," anasema Mama Koki. "Mtu kafanya kazi zote, kazimaliza, nimemkagua mimi kwa macho haya, halafu anaambiwa kaonewa huruma. Nawafurahia watu wangu saba, usiniandike vibaya. Lakini mwakani nitaletewa wengine, na hao nao watakuwa na watoto, watakuwa na zamu. Wote wakaombe huruma?"

Kwa hiyo ana mpango, na anaueleza akiwa ameketi juu ya ile ndoo, vibanio vikigongana mfukoni. Ataiandika kamba kwa lugha ya ofisi. Kadi moja, ukurasa mmoja: kazi gani, ikaguliwe vipi, nini lazima kitangulie nini. Waya utaandikwa kuwa waya. Na badala ya rejesta ya vipindi ataomba rejesta ya kazi zilizokamilika, ambayo nayo ina tarehe na alama ya vema, kompyuta isije ikasema imeonewa. Binti yake amekubali kumsaidia kuchapa. Alipoombwa, alimwuliza mama yake kama bado ana hasira naye. "Nikamwambia hasira ninayo, lakini uliniuliza swali la haki."

Wakiukataa mpango huo, amewapa wakuu wa chuo njia mbili: wamrudishie kamba yake, au washushe picha yake getini. "Siwezi kuning'inizwa kule nje nikiwaita watu kwenye kitu ambacho huku ndani kimepigwa marufuku. Ngazi ninayo. Wasiposhusha, nitapanda mwenyewe, mchana kweupe."

Muhula mpya ukianza, awe na kamba au asiwe nayo, neno la siku ya kwanza litakuwa lilelile. Wataleta ugonjwa.

Siku ya mtihani, Mlinzi yuko kwenye zamu ya mchana. Chuo hakikumbadilishia ratiba, ila amemwahidi mwenzake zamu mbili za usiku ili amshikie geti wakati wa mtihani. Gari la Bwana Utaratibu linafika, Mlinzi anafungua geti, kioo kinashuka, wanasalimiana. Kwenye mfuko wa sare, pale panapokaa kalamu, kuna kibanio cha mbao chenye alama yake, ya ufunguo.

Gari haliondoki mara moja. Bwana Utaratibu ameinua macho, anasoma bango.

Mlinzi hamsubiri amalize. Anamkabidhi mwenzake funguo na rungu, anavuka uwanja kuelekea karakanani, ambako Mama Koki amesimama mlangoni na rejesta akiita majina. Anafika jina lake linapoitwa.

"Nipo," anasema. "Kama siku zote."